Mizani ya Mariakani

Miaka thelathini na mmoja Shekuwe alikaa juu ya kreni, Kilindini,
akiinua mizigo ya watu wa mbali:
betri za Kampala, mitumba ya Goma,
na siku moja piano, ya nani hatukujua.
Yeye mwenyewe hajapata kuvuka Voi.

Alipostaafu alinunua ambulansi mnadani,
kuukuu, mlango mmoja hauitiki, harufu ya dawa imo hadi leo.
Fundi Mbwarali wa Tononoka akaitia jiko la gesi,
kitanda cha kukunja, na pazia nililolishona mimi
kwa kitenge kilichobaki harusini kwa binti yetu.
Tukaipaka buluu. Lakini saa sita, jua likipiga,
yale maandishi ya kinyumenyume hurudi usoni pake
kama kovu, na tuktuk hutupisha.

"Mwanaesha, andika," akasema. Nikatoa daftari.
Voi. Emali. Nakuru. Eldoret. Malaba.
Tulale tutakapolala, chai tupike kando ya lami,
tuyafuate makontena yangu
tukaone yalikokuwa yakienda siku zote hizo.

Sasa sikiliza hesabu.
Kila tarehe kumi na nne, usiku,
Chengo wa kituo cha mafuta cha Miritini
hupanda ngazi na namba kwapani.
Saba akaing'oa, akaweka nane.
Malaba niliikata kwa rula, kwa adabu.
Nane ikawa tisa: Eldoret nikaikata kwa mkono tu.
Nakuru niliikata huku nachambua mchele,
kalamu ikatoboa karatasi.
Emali sikumbuki.
Voi aliikata mwenyewe, kisha akatoka nje
akaosha gari lisilo na vumbi.

Tukawa twalala humo, uani,
kati ya tangi la maji na kamba ya nguo.
Majirani wakatuita watalii.
Usiku mmoja usingizi ulinipaa, nikaandika nyuma ya daftari:

*Dizeli imetushinda, Malaba hakufikiki,*
*Nyumba yetu tumeunda, na uani haitoki,*
*Kila mwezi inapanda, mfuko haujaziki,*
*Roho mbele imekwenda, mwili nyuma haufiki.*

Asubuhi alihesabu silabi kwa vidole, mstari kwa mstari.
"Mizani imetimia," akasema.
Akanyamaza. Akatafuta funguo.
"Hebu twende kwenye mizani yenyewe."

Mariakani: lita nane, kwenda na kurudi. Nilizipima.
Tukaegesha ubavuni mwa foleni ya malori.
Shekuwe akamwomba askari atupime na sisi.
"Mzee, wewe huna mzigo."
"Ninao," akasema, na yule kijana akacheka, akatupungia tupite.

Nilipika chai. Madereva walikuja na vikombe vyao.
Mmoja, Ekirapa, alikuwa na kontena la kijani
na Shekuwe alilizunguka mara mbili
akiligusa pembeni, zile tundu nne ambazo kreni hushikia,
kama mtu anayempima mtoto homa.
"Hili laenda mpaka wapi?"
"Malaba, halafu ng'ambo."
Akampa namba yetu ya simu kwenye kipande cha daftari,
kipande kilekile chenye tundu la Nakuru.
"Ukifika, nipigie. Basi. Sitaki kingine."

Siku nne. Sikuamini kwamba atapiga.
Ya tano, saa saba usiku, simu ikalia kitandani, humo ambulansini,
na sauti ikasema, "Mzee, tumefika."
Tumefika, alisema. Wote.
Kisha akatoa simu nje ya dirisha
na mvua ya Malaba ikatunyeshea uani Changamwe:
mabati, matope, jenereta ya mtu, mbwa.
Shekuwe alifumba macho. Nikamwona akifika.

Lakini mtu ni yule yule.
Akakohoa, akaisogeza simu mdomoni:
"Na dizeli huko, lita ni ngapi?"
Ekirapa akacheka mpaka laini ikakatika.
Mimi nilikuwa nimeshashika kalamu.